Bizimu Limetoka Kaburi Gani?

Katika sherehe nyingi za mkoa wa Kilimanjaro, shujaa wa Mangi (chifu wa Kichagga) huingia uwanjani akiwa na vitu ambavyo havijawahi kukutana katika mwili wa Mchagga yeyote wa karne ya 19. Begani ana kitambaa cha madoadoa ya chui. Mkononi ana ngao yenye manyoya ya ng'ombe, ya umbo la Kizulu, iliyonunuliwa kwenye duka la vinyago. Mkuki wake ni bomba la maji lililochomekwa kipande cha bati. Kiunoni amefunga mkanda wa mtumba kutoka sokoni Kiboriloni, na bizimu lake lina jina la kampuni ya suruali. Watu hupiga vigelegele, simu huinuliwa juu, na Mangi mwenyewe huketi kwenye kiti cha plastiki kilichotandikwa kitenge.

Ngao ile ingekuwa Songea isingekuwa na neno. Wangoni walifika kusini mwa Tanzania katikati ya karne ya 19 wakiwa na silaha na mbinu walizotoka nazo kwa Wazulu, na ngao ya manyoya ni yao kwa haki. Kilimanjaro ni habari nyingine.

Mwandishi wa makala haya amepiga vigelegele hivyo mara nyingi, na baadhi ya mikanda hiyo aliitoboa matundu yeye mwenyewe. Ni fundi wa ngozi, mzaliwa wa Machame, aliyejifunza kushika msharasi chini ya turubai la fundi viatu mjini Moshi. Kilichomfanya aanze kukodolea macho bizimu la shujaa hakikutoka kwa wazee wa ukoo wala shuleni. Kilitoka kwa kaka yake, mtoto wa baba mdogo, anayeishi Ujerumani. Huko kazini kwake kulikuwa na watu ambao kila kiangazi huhamia kwenye mahema kwa siku kadhaa, huvaa kama Waviking au kama askari wa Ulaya ya zama za kati, hupika kwenye vyungu juu ya kuni na kupigana kwa panga butu. Walitaka mikanda na mikoba midogo ya kiunoni. Bei waliyotaja ilikuwa nzuri, na fundi akaona mbele yake kazi ya kufurahisha: mikanda mipana, minene, iliyojaa misumari inayong'aa kama ya kwenye filamu.

Kabla hajakata hata kipande kimoja, yakaja maswali. Bizimu hili limetoka kaburi gani? La karne gani? Mshono huu umeonekana wapi?

Walikuwa na kanuni moja inayowaudhi watu wengi wanaoanza: kisichokuwa na ushahidi hakivaliwi. Ushahidi wenyewe ni kitu kilichofukuliwa, au mchoro wa wakati huo, au maandishi ya mtu aliyeona. Filamu haihesabiwi. Mfano wao mkubwa ulikuwa ni pembe. Dunia nzima inajua kwamba Mviking alivaa chapeo yenye pembe mbili, na dunia nzima imekosea. Chapeo inayojulikana zaidi ya zama hizo, ya karne ya 10, ilipatikana mwaka 1943 katika shamba la Gjermundbu nchini Norway, na haina pembe yoyote. Ina kinga ya macho kama miwani na kofia ya duara ya chuma. Pembe zilienezwa na mbunifu wa mavazi ya jukwaani, Carl Emil Doepler, aliyewavisha waimbaji wa opera ya Wagner huko Bayreuth mwaka 1876. Vazi la jukwaani likaizidi nguvu historia, na mpaka leo halijaachia.

Mikanda nayo ikawa hivyo hivyo. Katika makaburi ya Birka, mji wa biashara wa Waviking uliokuwa kisiwani Sweden, mabizimu na vipambo vya shaba vimepatikana vikiwa bado mahali kiuno kilipokuwa. Ukipima tundu la bizimu unajua upana wa mkanda hata kama ngozi imeoza, na mikanda mingi ilikuwa myembamba, upana wa vidole viwili hivi. Birka hiyo hiyo imetoa dirhamu za fedha zenye maandishi ya Kiarabu, na fundi alipozisikia aliona kwamba biashara ya ulimwengu wa Kiislamu, iliyokuwa ikifika pwani yetu, ilikuwa na wateja wengine kwenye barafu. Ngozi yenyewe haidumu ardhini isipokuwa pale ambapo udongo una maji mengi na hewa haipiti. Ndiyo maana mji wa York, Uingereza, ni hazina: uchimbuaji wa kiakiolojia wa Coppergate kati ya mwaka 1976 na 1981 ulitoa viatu na ala za visu vya zama za Waviking, na matundu ya sindano yanaonekana. Fundi aliletewa picha za matundu hayo. Alizikagua kama mtu anayekagua kazi ya fundi jirani, na akakubali kwamba jirani alikuwa anajua kazi.

Kisha likaja suala la ngozi, na hapo Moshi ilimpa shida ambayo hakuitegemea.

Ngozi nyingi duniani leo husindikwa kwa chumvi za kromu. Njia hiyo ilienea viwandani mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo Mviking asingeweza kuijua. Inatoa ngozi laini, inayostahimili maji, inayofaa viatu na makochi, na ukiikata unaona katikati ya ukingo mstari wa kijivu unaoelekea samawati. Wateja wa Ujerumani walitaka kupigiwa picha ukingo uliokatwa. Hawakutaka kuona samawati. Walitaka ngozi iliyosindikwa kwa gome la mti, ambayo ukingo wake ni kahawia mpaka ndani. Kuna jaribio la jikoni ambalo halihitaji maabara: chemsha maji, tumbukiza kipande. Ya kromu hutoka karibu kama ilivyoingia. Ya gome hujikunja, hunywea na kuwa ngumu.

Kwao gome lilikuwa la mwaloni. Kwetu ni la mwati, mti wa asili ya Australia ambao Watanzania wanaufahamu kwa nguzo na mkaa, na ambao kiwanda cha TANWAT huko Njombe, kilichoanzishwa mwaka 1949, kimekuwa kikiukamua tanini ya kusindika ngozi na kuiuza hadi nje ya nchi. Fundi akaanza kutafuta ngozi za gome, mara nyingine kwa wasindikaji wadogo wanaoloweka kwenye mapipa, na harufu ya mapipa hayo ni jambo ambalo familia yake bado haijamsamehe.

Ngozi ya gome ina tabia zake. Ikiloa unaweza kuifinyanga kwenye umbo la kibao ikabaki hivyo ikikauka, na mkoba wa kiunoni ukapata tumbo lake bila mshono wa ziada. Ukiipaka siki iliyolowekwa misumari yenye kutu inageuka nyeusi papo hapo mbele ya macho, kwa sababu chuma na tanini vikikutana huzaa weusi. Machame watu wanaujua weusi huo bila kujua jina lake: menya ndizi mbichi za mtori kwa kisu cha chuma, kisha tazama kisu na vidole. Na ukiitumbukiza kwenye maji ya moto yasiyofika kuchemka, kwa muda mfupi, inanywea na kukaza hadi inagonga kama ubao. Mafundi wa Ulaya ya zama za kati walitumia ujanja huo kutengenezea vikinga vya mikono na magoti. Hata hivyo deraya za ngozi tupu zinazojaa kwenye filamu hazina ushahidi wa kutosha. Makaburi ya vita vya Visby, Sweden, vya mwaka 1361, yalitoa deraya ambazo mabamba ya chuma yalipigiliwa kwa ndani ya vazi. Kazi ya vazi ilikuwa kushikilia chuma. Umaarufu hauji hivyo, lakini mwili unapona.

Mabizimu aliyapata kwa fundi mmoja wa mjini anayeyeyusha koki kuukuu za shaba. Alimpelekea mchoro wenye vipimo, akaambiwa hakuna mtu anayevaa bizimu dogo namna hiyo, akalipa nusu mbele, akapewa.

Kazi ikaenda. Kisha mteja mmoja, katika mazungumzo ya kawaida kuhusu gharama za kusafirisha, akauliza: na kwenu wapiganaji walivaa nini?

Ni swali la heshima, na linachoma. Mtu anayeuliza amejua upana wa mkanda wa baharia aliyezikwa miaka elfu moja iliyopita. Anayeulizwa anatoka kwenye mlima ambao vita vyake vya mwisho vilipiganwa enzi za kamera. Wazee wa Machame wanataja majina: Mangi Rengua, aliyeiweka Machame juu ya majirani zake, Mamkinga, aliyempokea mmisionari Johannes Rebmann mwanzoni mwa mwaka 1849, Ndesserua, Ngamini, Shangali. Wanataja uhasama na Kibosho ya Mangi Sina. Ukiuliza ngao ilishikwaje, mazungumzo yanahamia kwenye mbege.

Ushahidi upo, ila hauko jirani. Mwingereza Harry Johnston aliishi Moshi mwaka 1884 akiwa mgeni wa Mangi Rindi, Mandara kama wageni walivyomwita, akachora na kuandika alichokiona. Kapteni Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani aliyekaa kwenye kituo cha Moshi, alitoa kitabu chake kuhusu Wamasai mwaka 1904, na humo alichora alama za ngao zao moja baada ya nyingine. Wamisionari wa Leipzig waliofungua kituo Machame mwaka 1893 walipeleka vitu kwao. Kwa hiyo mkanda wa Mviking unatengenezwa Machame, na ngao ya Kilimanjaro iko kwenye kabati Ujerumani. Fundi aliona katika hali hiyo jambo la kuchekesha kabla ya kuona la kuudhi. Akamwomba yule mteja, kama anataka kweli kujua, aende makumbusho siku ya mapumziko akapige picha. Si ya mbele. Ya nyuma.

Mbele ya ngao hupigwa picha na kila mtu. Nyuma ndiko kulikoficha ufundi. Picha zilipofika zilionyesha kila kitu: fito iliyopindwa kuzunguka ukingo, ugwe wa ngozi uliopita tundu hadi tundu kuishikilia, na mti mmoja ulioshuka katikati kutoka juu hadi chini, ukatunishwa mahali pa kiganja. Mwishoni mwa karne ya 19 silaha za Wachagga zilifanana sana na za Wamasai: ngao ndefu ya ngozi ya nyati isiyo na manyoya, mkuki wa bapa refu, na sime kiunoni. Ngozi ya ngao haisindikwi kabisa. Ni ngozi mbichi, iliyolowekwa, ikaparuliwa, ikawambwa juani kwa vigingi mpaka ikawa kama mfupa. Fundi viatu aliyezoea kulainisha ngozi analazimika kujifunza kuiacha iwe katili.

Ngozi ya nyati haipatikani. Nyati wapo, msituni juu ya vihamba, lakini ngozi yao ni nyara ya serikali, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haijali kama unafanya maonyesho ya utamaduni. Waigizaji wa historia wa Ulaya wanalijua tatizo la namna hii, na dawa yao ni kusema wazi: hiki nimebadilisha, kwa sababu hii. Fundi akaamua kutumia ngozi ya shingo ya dume la ng'ombe. Machame nyumba nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa bandani, na dume kubwa halichinjwi kila wiki. Lakini Januari, baada ya watoto wa Kichagga kurudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko kula Krismasi nyumbani, ngozi zimejaa kila bucha, tena kwa bei ya kutupwa. Tatizo ni visu. Mchinjaji wa sikukuu anawahi supu, anachuna kwa papara, na ngozi inatoka na matundu kama chujio.

Hapo ndipo alipomwendea mzee mmoja aliyekuwa mchinjaji enzi zake.

“Shikamoo, Meku.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na nyama?”

“Nimekuja kutafuta ngozi ya shingo, isiyotobolewa.”

Mzee alitaka kujua ni ya ngoma au ya kiti. Alipoambiwa ya ngao, alinyamaza kidogo, akauliza adui ni nani. Kisha akakubali kuchuna yeye mwenyewe, kwa ngumi zaidi kuliko kwa kisu, akiingiza mkono uliokunjwa kati ya ngozi na nyama na kusukuma. Hakuna kitabu cha Kijerumani kilichoandika kuhusu ngumi ile. Kwa maoni ya mwandishi, mzee yule ni ushahidi sawa na kaburi la Birka, na anastahili kurekodiwa kabla hajahamishia utaalamu wake ardhini.

Kukausha kukawa vita vingine. Machame ina mvua na ukungu kuliko ngozi mbichi inavyopenda. Ikiwa na unyevu hulegea, hunuka, na kila mbwa wa mtaa anaipangia. Vigingi vikahamishiwa Bomang'ombe, tambarare, kwenye jua kali na vumbi, kwa shemeji mwenye uwanja mkubwa na mbwa mmoja tu. Huko ilikauka ipasavyo. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia. Ukiishika kwa ule mti wa katikati, mkono unaelewa kwa nini hakuna mkanda wa kupitisha kiwiko: ngao hii haikai mkononi kama mzigo, inazungushwa kwa kifundo, ikiupokea mkuki kwa mshazari ili uteleze. Yule shujaa wa sherehe hubana ngao kifuani kama sinia la pilau, na hana kosa, kwa kuwa ile ya duka la vinyago haikutengenezwa ishikwe vingine.

Sime ilimfundisha jambo dogo la mkanda. Ala yake ni vibao viwili vyembamba vilivyoviringishiwa ngozi mbichi ingali imelowa. Ikikauka inabana vibao bila gundi. Juu yake kuna kikanda kinachotengeneza njia ya kupitishia mshipi, na huvaliwa upande wa kulia. Jukwaani huvaliwa kushoto, kama upanga wa ofisa wa Kizungu. Mkanda wenyewe hauna bizimu. Baada ya kuhangaika na koki za shaba, fundi alifurahi kuandika kwenye daftari lake: hakuna bizimu.

Chuma hakukigusa, kila kazi ina wenyewe. Wafua chuma wa Kilimanjaro walitegemea sana chuma cha Upare, hasa Ugweno, nchi ya Washana, ukoo wa wahunzi ambao mwanahistoria Isaria Kimambo aliwaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu siasa za Wapare. Mikuki mingi iliyobebwa na morani wa Kimasai ilifuliwa na Wachagga, pamoja na mikufu myembamba ya waya. Huko Mamba, karibu na Marangu, wahunzi bado wanavuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kupasha chuma chakavu, na Wamasai bado ni wateja wao. Mkuki wa kweli, kwa hiyo, unapatikana kwa safari ya daladala. Watu hununua bomba la maji kwa sababu hawajauliza.

Lililobaki lilikuwa rangi. Ngao za Kimasai zilipakwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, na alama zake zilieleza sehemu na kundi la wabebaji. Ndizo alizozichora Merker. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa ameagiza ngao kwa mchezo wa kuigiza wa wanafunzi wake alipenda alama mojawapo, akaomba ichorwe kubwa. Fundi alikataa. Kubandika alama ya kundi la watu wengine kwenye ngao ya Mangi ni kumvisha askari wa kambi ya Lugalo beji za jeshi la nchi jirani. Mwalimu akapendekeza rangi za shule, kijani na njano. Walibishana mpaka kahawa ikapoa, na ngao ikabaki na rangi ya ngozi.

Mchezo wenyewe ulihusu mwaka 1892. Rindi amefariki mwaka uliotangulia, mwanawe Meli ameshika Moshi, na mwezi Juni jeshi la Wajerumani chini ya von Bülow linapanda kumwadhibu na kupigwa vibaya. Von Bülow anakufa, waliosalia wanarudi nyuma. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Moshi ya Kale, pamoja na Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho na wengine. Katika mswada wa mwalimu, mashujaa wa Meli walishinda bunduki za Wajerumani kwa mikuki na ujasiri. Ni picha nzuri. Lakini fundi alikuwa amekwisha kuharibika kwa maswali ya wateja wake, akaenda na vitabu chini ya kwapa kumwambia mwalimu kwamba Mangi wa Moshi alikuwa na bunduki, kwamba Rindi alikuwa amezinunua kwa miaka mingi kwa njia ya biashara ya misafara, kwamba Sina wa Kibosho naye alikuwa nazo alipopigana na Mjerumani Wissmann mwaka 1891, na kwamba ushindi wa 1892 ulipatikana kwa risasi pia. Ngao ya ngozi haizuii risasi, na watu waliokuwa na mashushushu, wafanyabiashara wa pwani na mabalozi kila upande wa mlima walilijua hilo mapema kuliko mwandishi yeyote wa mchezo.

Mwalimu hakufurahi. Aliona kama shujaa wake amepunguzwa. Fundi aliona ameongezwa: Mangi anayenunua bunduki, anayepima nguvu za Mwarabu, Mwingereza na Mjerumani na kujua lini apigane, ana akili kuliko yule wa kitambaa cha chui. Walikubaliana kugawa. Nusu ya kikosi ingebeba bunduki za kuchonga kwa mti, nusu ngao na mikuki.

Siku ya mazoezi, wavulana wote walikimbilia bunduki. Ngao ya shingo ya dume, iliyochunwa kwa ngumi na kuwambwa Bomang'ombe, ilichukuliwa na msichana wa kidato cha pili, mrefu kuliko wenzake, aliyeigeuza nyuma kwanza kabla ya kuitazama mbele, akauliza mkono unakaa wapi. Mwalimu alihesabu bunduki, akaona hazitoshi, akamgeukia fundi kumuuliza kama anajua pia kuchonga mbao.